Pete ya Mashine na Muuzaji Tusiyemwona

Naomba radhi kabla sijaanza. Hati yangu ni mbaya, na tahajia huniponyoka, hasa pale ninapotaka kuandika kama tunavyosema nyumbani. Shule niliishia darasa la nane, na tangu siku hiyo mkono wangu umeshika sindano zaidi ya kalamu. Huandika polepole: neno moja, kisha namtazama kuku anayepita, kisha neno la pili. Ukikuta mahali nimefuta na kuandika tena juu yake, nivumilie. Siku hizi watu huniuliza habari za kununua vitu vya ng'ambo kwa kompyuta, kwa kuwa wamesikia kwamba kwetu tulinunua. Nami huona haya kueleza mbele za watu. Kuandika ni rahisi zaidi, kwani karatasi hainitazami usoni.

Sisi ni wa Mwabungo. Mama yangu ni mshonaji, na mashine yake ya kudarizi aliachiwa na babu, baba yake, aliyeshona kanzu Msambweni tangu kabla mama hajazaliwa. Si cherehani ya kawaida. Cherehani ya kawaida huvuta nguo mbele nawe ukafuata. Hii haina mbele wala nyuma. Chini ya meza kuna mpini mdogo, unauzungusha kwa mkono wa kulia, na mshono huenda kule unakouelekeza mpini. Sindano yake ina ndoana nchani, kama ile ya kufumia vitambaa. Hushuka, ikauchukua uzi kutoka chini, ikapanda nao, na juu ya nguo hubaki mnyororo mwembamba. Kwa mpini huo mama alichora maua na mawimbi kwenye kaba, yaani ile sehemu ya shingo ya kanzu. Watu wa Gazi na Msambweni wakiona kaba tu huwa wamekwisha kumjua fundi.

Mimi niliipenda mashine hiyo kwa sababu haikunitaka niseme. Wateja walizungumza na mama. Mimi nilikaa kichwa nimekiinamisha, mkono chini ya meza, nikifuata chaki. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na bado mgeni akipiga hodi nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni. Pale kwenye mashine tu ndipo nilipojiona mtu kamili. Mama alikuwa ameanza kuniachia kaba nzima nidarizi peke yangu.

Mwaka wa tisini na tisa, vuli ilipoanza, mashine ikavunjika. Chini ya bamba kuna pete ndogo ya chuma yenye meno pembeni, na kazi yake ni kuuzungusha uzi kwenye ndoana ya sindano. Pete hiyo ikapasuka. Fundi wa kuchomelea wa Ukunda aliiunga kwa shaba. Ikashona kaba moja na nusu, ikapasuka palepale. Mama akaenda Mombasa, akazunguka kwa wauza cherehani tangu asubuhi, akarudi amevimba miguu.

"Wanasema vitu hivi walikuwa navyo babu zao," alisema, akijimwagia maji miguuni. "Mmoja ameniuliza kama nauza mashine nzima aiweke dirishani."

Neno hilo la dirishani lilimfikia mjomba, kaka yake mama, sijui kwa njia gani. Baada ya siku chache alikuja, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaigonga mashine kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Dada, kuna hoteli upande wa Chale. Wanatafuta vitu vya kale vya kuweka mapokezi. Wamepata mlango wa nakshi, wamepata makasha. Sasa wataka mashine."

"Waishonee nini?"

"Hawashoni. Wataiwekea taa juu."

"Taa!" Mama aliacha kukata kitambaa. "Juu ya mashine ya baba?"

"Haishoni, dada. Imekaa hapa inakula nafasi tu."

"Na wewe umekaa hapo unakula nafasi. Nimekuuza?"

Nilicheka nyuma ya mlango, nikajiziba mdomo. Mjomba naye alicheka, lakini hakuinuka. Mashine ilikuwa ya wote wawili, na kwetu sisi Wadigo neno la mjomba haliwekwi kando hivi hivi. Alipokwisha kunywa chai alisema, kwa upole kabisa, kwamba atasubiri mpaka Idi. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa bado kuandama. Ikifika Idi mashine inashona, ni ya mama na hatauliza tena. Ikifika Idi haishoni, inapanda gari.

Mama akakubali, kwa sababu lilikuwa neno la haki. Tangu siku hiyo kila nilipofagia chini ya ile meza niliiona taa juu yake, na wageni wameegemea pale wakingoja funguo za vyumba vyao.

Mteja wetu mmoja, mpishi wa hoteli, ndiye aliyetuambia habari za duka la kompyuta. Lilikuwa Ukunda, karibu na njia ya kuteremkia Diani, chumba kimoja chenye pazia na feni. Kompyuta ilikuwa moja tu, na waya wake ulichomekwa kwenye simu. Aliyekuwa akiiendesha ni kijana ambaye wazazi wake walitoka bara, wakapata shamba kwenye skimu ya serikali. Yeye alizaliwa huku, lakini ulimi wake ulikuwa wa bara bado.

"Sasa, mathe?" alitusalimu.

"Marahaba, mwanangu," mama alimjibu, ingawa hakuamkiwa.

Akafungua pindo la leso yake, akaitoa ile pete iliyopasuka, akaiweka mezani juu ya karatasi. Kijana aliitazama, akaigeuza. Akauliza jina lililochongwa kwenye mashine, nami nilikuwa nimelinakili kwenye kipande cha khaki. Simu ikapiga kelele zake, ikanguruma, ikatulia. Tulikaa sana. Kisha kijana akasema, "Hii kitu iko!"

Picha ilishuka mstari kwa mstari, polepole, kama mtu anayeteremsha pazia. Kwanza tukaona meza, kisha kifuniko cha bati, kisha kisanduku chenyewe kimefunguliwa. Ndani mlikuwa na sindano za ndoana, mpini mmoja, na pete mbili. Pete zetu zenyewe. Mama alisogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Anauza nani?"

"Mtu wa Ulaya huko. Hii ni soko, mathe. Watu wa dunia yote wanauza hapa. Lakini ni mnada. Kila mtu anaweka bei yake, ikifika Ijumaa usiku inafungwa, mwenye bei kubwa anachukua."

"Mnada naujua. Huko bara ya Kinango wanauza mbuzi kwa mnada. Lakini mbuzi yuko pale, unamshika mgongo."

"Hapa hushiki."

"Basi kwanza mwamkie mwenyewe."

"Mathe, kila dakika ni pesa ya simu."

"Mwamkie haraka."

Sikumbuki kama kweli alimwamkia. Aliandika jambo, akabonyeza. Mama akataja bei. Kijana akasema ni ndogo kuliko pa kuanzia, mnada haukubali. Mama akapandisha. Kijana akabonyeza, tukangoja, akasema kuna mtu amempita.

"Yuko wapi?" mama alisema, akageuka kutazama nyuma yake.

"Hayuko hapa, mathe. Yuko huko kwake. Ongeza kidogo tu."

Mama akaongeza, akapitwa tena. Hapo nikamwona anajifunga leso vizuri na kuichukua pete yake mezani. Nilijua anataka kufanya nini.

Yeyote aliyewahi kwenda sokoni na mama yangu anaijua tabia yake hii. Hutaja bei yake ya mwisho, muuzaji akatikisa kichwa, mama akasema "Haya, Mungu akubariki," akaondoka. Haharakishi wala hageuki nyuma. Mimi nilifundishwa tangu mdogo nisigeuke, kwa sababu ukigeuka muuzaji hukuona kuwa unataka. Kabla hatujalipita duka linalofuata, utasikia: "Mama! We mama! Njoo, lete hiyo." Nusu ya vitu vilivyomo nyumbani kwetu tulivinunua kwa kuitwa hivyo.

"Haya, Mungu amuwekee," alisema mama, akapita pazia.

"Mathe, unaenda wapi?"

"Ataita."

Kijana alinitazama mimi. Nami nilitazama chini, nikamfuata mama.

Tuliporudi baada ya Ijumaa, kisanduku kilikuwa kimekwenda. Aliyekichukua alimzidi mama kidogo sana, kiasi ambacho mama angekitoa bila kufikiri. Mama alikaa kwenye benchi la duka, mikono mapajani.

"Hakuniita," alisema.

"Mathe, yule hakuona hata ukitoka," kijana alimwambia, na hakumcheka. "Ile soko haina macho."

Tulirudi nyumbani. Ramadhani ikaandama. Watu wakaanza kuleta vitambaa vya kanzu za Idi, mama akawa anawaambia kaba atawatilia kwa mkono, na wengine walivichukua vitambaa vyao kwa adabu wakaenda kwengine.

Fungu la kwanza la mwezi halijaisha, kijana wa kompyuta akatutumia salamu: imekuja imeli, yaani barua ya kompyuta, mathe afike. Tulikwenda siku hiyo hiyo, midomo imetukauka kwa saumu. Alitusomea akitafsiri. Yule muuzaji wa kisanduku anasema aliyeshinda mnada hakulipa. Kwa hiyo kisanduku kiko, na mama anaweza kukipata kwa bei yake ileile ya mwisho. Atume pesa moja kwa moja kwa jina fulani, katika nchi fulani, akaichukue yule mtu taslimu. Asipitie tena kule sokoni, kwa kuwa soko hukata ushuru wake bure. Na afanye haraka, kuna mwengine anangoja.

Mama alipiga makofi. Sijapata kumwona akicheka vile ndani ya mchana wa Ramadhani.

"Si niliwaambia ataita? Hata Mzungu huita!"

"Aki mathe, umeniweza," kijana alisema, naye akacheka.

Pesa mama alikuwa nazo. Zamu yake ya mchezo wa kina mama, ule wa kuchangiana pesa, ilikuwa imemfikia wiki hiyo, na hakuwa amezigusa. Akasema kesho asubuhi atavuka kivuko aende Mombasa akazitume. Njia nzima ya kurudi alinisimulia bei ya kila kitu alichowahi kuitiwa, mpaka sufuria la pilau.

Nami nilifurahi. Nataka mjue hilo, kwamba nilifurahi kama yeye. Lakini nilipokaa kupiga pindo za mikono ya kanzu alasiri ile, kuna kitu kilinikwama kama uzi kwenye ukucha. Nilikuwa nikiwawaza wale wauzaji wanaotuita sokoni. Muuza vyombo, anapoita "Njoo, mama," huwa amekwisha kuliinua sufuria lile lile juu, analizungusha mkononi ili ulione. Muuza vitambaa hukunjua doti na kulipeperusha. Sijaona hata mmoja aliyeita mikono mitupu. Tena huita kutoka mahali pake, pale pale tulipomwacha. Huyu wetu aliita bila kuinua kitu. Na alituambia tusirudi dukani kwake, tukutane naye uchochoroni.

Kulifikiri ni jambo moja, kulisema ni jambo lingine. Mama alikuwa ameketi karibu yangu akichambua mchele, uso wake unang'aa. Nilimaliza pindo moja, nikaanza nyingine. Mwishowe nililisema nikiwa nimeitazama sindano.

"Mama, anayekuita huinua kitu."

"Umesemaje?"

"Sokoni. Akikuita huwa amekiinua. Huyu hakuinua."

Mama aliacha mchele. Nilidhani atanikemea kwamba namtia kisirani. Alikaa hivyo, ungo mapajani, mpaka kuku wakaanza kudonoa pembeni na hakuwafukuza.

"Sema tena," alisema, "na safari hii uniangalie."

Nikamwangalia, nikasema tena, pamoja na lile la uchochoro. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia kwa mara moja.

Asubuhi hatukwenda kwenye kivuko. Tulikwenda kwa kijana wa kompyuta, na mama akamwambia aandike hivi: nimekubali bei, nimefurahi umeniita, lakini chukua uzi mwekundu, ufunge kwenye pete moja, upige picha nyingine uniletee. Uzi uwe mwekundu, ili isije ikawa picha ya zamani.

"Mathe, wewe ni askari kanzu," kijana alisema akiandika.

"Andika tu. Na lile soko lenyewe, palipokuwa na mnada, hapana mahali pa kumwandikia muuzaji?"

Mahali hapo palikuwepo. Kijana akakubali kwamba hakufikiria kupita huko. Akasema pia, akiwa ameanza kuona haya kidogo, kwamba katika mnada ule anwani za imeli za wote wanaotaja bei ziko wazi, mtu yeyote huziona. Kwa hiyo aliyetuandikia aweza kuwa ni yeyote. Akaandika ujumbe wa pili kupitia sokoni, akiuliza kama kweli kisanduku kinauzwa tena.

Yule wa kwanza alijibu upesi. Hakuleta picha. Alileta hasira. Alisema hana nafasi ya michezo, ana mgonjwa nyumbani, amemheshimu mama na mama anamwona mwizi, na kama pesa hazikufika kesho kisanduku kimekwenda. Kijana alisoma hadi mwisho, akamtazama mama.

"Mimi mteja akitaka kuiona kanzu kabla hajalipa, humkasirikia?" mama aliuliza, kama anayeuliza feni ile. "Mwache."

Jibu la sokoni lilichelewa siku kadhaa. Mwenye kisanduku alikuwa mwanamke. Alisema kisanduku kilikwisha kulipiwa na kimeshamfikia aliyeshinda, na yeye hajamwandikia mtu yeyote. Alituomba radhi kwa kosa lisilokuwa lake. Akatuambia jina hasa la ile pete kwa lugha yao, ili tujue tunatafuta nini, kwa kuwa sisi tulikuwa tukitafuta kwa jina la mashine tu.

Mama alipokwisha kusomewa, aliigusa pesa yake ndani ya leso. Nilijua anaiona safari ile ya kivuko ambayo hakuisafiri. Kisha akanipiga bega kidogo kwa bega lake. Basi.

Lakini pete bado hatukuwa nayo, na mwezi ulikuwa umepinduka. Kijana sasa alitafuta kwa lile jina jipya, kila jioni, na pesa ya simu hakututoza. Pete moja ikapatikana, ya mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mashine za viwandani. Mama hakutoka nje safari hii. Kwanza aliomba picha yenye uzi mwekundu. Mzee yule akajibu kwamba katika kuuza kwake kote hajaombwa hivyo, lakini mkewe anao uzi. Picha ikashuka mstari kwa mstari, na uzi tukauona, umefungwa fundo la kipepeo. Mama akataja bei yake ya mwisho kabisa, ile ambayo kwa kawaida huificha mpaka aitwe, akaitaja mara moja tu.

Ikawa yake. Ikabaki kulipa.

"Namtumia vipi mtu nisiyemjua?" mama aliuliza. "Nikitanguliza pesa naogopa. Akitanguliza mali anaogopa yeye. Hapa kwetu tungemtafuta mtu wa kati, tukaiweka amana kwake."

"Si hata huku kwa soko iko hivyo," kijana akasema. "Kuna kampuni inashika doo. Wewe unaweka kwao, wanaambia yule mzee iko, atume. Kitu ikikufikia ukiridhika, ndio wanamlipa."

Mama alishangaa sana, na nadhani lilikuwa jambo la kwanza la kompyuta lililompendeza. "Kumbe wanaijua amana," alisema. Akamtaka kijana aipekue hiyo kampuni, kwamba ni yenyewe na si nyingine iliyovaa jina lake, na kwamba mlango wa kuiingilia uko ndani ya soko lenyewe. Tajiri wa duka, aliyemwajiri kijana, alikuwa na kadi ya benki. Mama akampa pesa taslimu mkononi, mbele yetu, naye akalipa kwa kadi.

Idi ilifika na pete haikufika. Mjomba alikuja baada ya swala, amevaa kanzu nyeupe isiyo na darizi, na nyuma yake gari la hoteli. Alituamkia vizuri, akala mkate wa sinia, kisha akaitazama mashine.

"Haishoni, dada."

"Bado. Pete iko njiani."

"Umenunua kwa yule kijana wa kompyuta? Umenunua hewa."

"Sijanunua," mama alisema. "Nimeweka amana. Pesa iko kwa mtu wa kati, mali iko safarini. Biashara haijafungwa wala haijavunjika. Wewe utauza mashine ambayo kiungo chake kimo ndani ya amana?"

Mjomba aliweka chini kipande chake cha mkate. Yeye ni mtu wa msikitini, na mara nyingi watu huja kumwekesha vitu vyao. Dereva wa hoteli alipiga honi nje. Nami, sijui nilipata wapi ujasiri, nilitoka nyuma ya mlango nikamletea ile picha ya pete yenye uzi mwekundu, ambayo kijana alitutolea kwenye karatasi.

"Mjomba, shikamoo. Ndiyo hii. Muuzaji ameiinua tukaiona."

Aliishika mbali na macho, kisha karibu. "Na uzi huu wa nini?"

"Ni mama aliyemwambia afunge."

"Mzungu akafunga?"

"Akafunga."

Mjomba alicheka mpaka akashika kifua. Akatoka kuzungumza na dereva, na gari likaondoka tupu. Alichosema kwa mama ni kwamba atangoja mpaka amana ifunguke, upande wowote itakaofungukia. Asingeweza kusema vingine, nami nadhani pia hakutaka.

Kifurushi kilikuja posta ya Ukunda wakati mihindi ya vuli imekwisha kukauka. Mama hakukifungua posta. Tulikifungua nyumbani, juu ya meza ya mashine, mjomba akiwepo. Ndani ya karatasi nyingi mlikuwa na pete, na yule mzee hakuufungua ule uzi. Ulikuwa umefungwa bado, fundo la kipepeo lilelile, limelala kidogo kwa safari.

Pete ilikuwa nene kuliko yetu kwa unywele. Fundi wa Ukunda aliipiga tupa pole pole, na ilipoingia mama aliniambia nikae mimi. Nikakaa. Nikaweka mkono chini ya meza. Mashine ilikohoa, ikaruka mishono, kisha mnyororo ukaanza kutoka. Mpaka leo ukielekeza mpini kushoto huruka mshono mmoja hapa na pale, tumeizoea. Mama aliacha nimalize kaba nzima. Hapo ndipo alipojitanda leso akaenda Ukunda kumwambia kijana: amana ifunguliwe, mzee alipwe, na aandikiwe ahsante.

"Shikamoo, mathe," kijana alimpokea.

Mama alisimama mlangoni, kwa jinsi alivyoshangaa. "Marahaba," alisema, na safari hii alikuwa ameamkiwa kweli.

Mashine iko hapa ninapoandika, hatua chache kutoka kwenye kiti changu, na juu yake hapana taa. Uzi mwekundu nimeufunga kwenye mpini. Anayeniuliza habari za masoko ya kompyuta huwa namwonyesha huo, kwa kuwa ni rahisi kuliko kusema.

Ninyi mnaosoma, nina ombi. Kama mmewahi kununua kwa mtu msiyemwona, niandikieni. Niambieni mlimwomba nini ili ajulikane kuwa kitu anacho, na yeye alijibu vipi, kwa upole au kwa hasira. Na kama mlitumwa uchochoroni mkaenda, niandikieni vilevile, msione haya, kwa kuwa nasi tulibakiwa na usiku mmoja tu kabla ya kwenda. Hata hati yenu ikiwa kama yangu, nitaisoma. Nasoma polepole, lakini namaliza.